Uji wa Mwari na Ghadhabu Yangu

Siku ile, chumbani kwetu Timbwani, Likoni, tulikuwa watu sita. Naanza kwa kuwataja ili asije mtu kesho akasema Mwanakombo aliyatunga. Nilikuwepo mimi Mwanakombo. Alikuwepo mdogo wangu Saumu, amelala kitandani. Alikuwepo Salim mumewe, ameketi miguuni pake. Alikuwepo ndugu yetu Bakari, amesimama mlangoni, ufunguo mfukoni. Alikuwepo jirani yetu Njoki, muuguzi, ambaye aliingia kuazima kinu tu akakuta mambo. Na alikuwepo kungwi.

Hao wengine wamenipa ruhusa niwataje. Kungwi simtaji jina, kwa kuwa kanuni ya kikundi hiki ni kwamba aliyetukosea hatajwi. Naiheshimu kanuni, mwenyekiti. Lakini haikusema nisimweleze, basi nitamweleza mpaka mchoke.

Wenzangu wenye sukari, wenye presha, wenye tezi za shingo, nanyi mnaowauguza, kila mmoja nampa salamu ya dini yake. Mimi si mgonjwa. Mgonjwa ni Saumu, na yule pale nyuma anayejificha kwa mtandio ndiye yeye. Nimesimama kwa sababu kuna siku nilikaribia kumuua, na si kwa uji peke yake.

Baba alitutoka nikiwa darasa la sita. Mama akamfuata kabla mwaka haujazunguka. La saba sikulimaliza. Nilikaa mlangoni na karai la bajia, na kwa bajia hizo Bakari akasoma hadi kidato cha nne, leo ni fundi wa matrela Changamwe, na Saumu naye akafika hapo hapo. Sisemi haya mnihurumie. Nasema ili mjue kwamba mtu akimgusa Saumu, amegusa kazi yote niliyoifanya tangu nina miaka kumi na mitatu.

Saumu alipoposwa alikuwa mwembamba. Shangazi zake Salim walipokuja kumwona, mmoja akamshika kifundo cha mkono, vidole vyake vikakutana na kupitana.

"Huyu tumuoze," akasema, "ama tumtumie kufagilia utando darini?"

Wakacheka. Nami nilicheka, maana mgeni kwako humwonyeshi meno mengine. Lakini neno lile lilinikaa. Mama angekuwa hai wasingethubutu.

Ndipo nikamtafuta kungwi. Nyinyi wa pwani mnajua, na wenzetu wa bara nawaeleza: msichana akikaribia arusi hutiwa ndani, huitwa mwari, na huwekewa mwanamke mzima wa kumfunza mambo ya nyumba na kumtunza mwili, asingwe kwa liwa, msandali uliosagwa, afukizwe udi, alishwe vizuri. Kwa kawaida mama ndiye hutafuta mtu huyo. Mimi sikuwa na mama wa kuniambia yupi mwema. Niliwasikia watu wakimsifu mmoja kwamba mikono yake haijatoa mwari mwembamba hata mmoja.

Alikuja na mkebe wa unga wa uji. Ufuta, njugu, mtama, iliki, "na siri ya bibi yangu," akasema.

"Nataka wakija tena wasimjue," nikamwambia. "Na nataka iwe kwa wiki tatu."

"Wiki tatu?" Akanitazama. "Wewe una haraka kuliko bwana arusi."

"Yawezekana ama haiwezekani?"

"Kwangu yawezekana."

Yashikeni maneno hayo. Mimi nimeyashika mpaka leo, na yananichoma.

Ndugu zangu, nawaambia, unga ule ulifanya kazi. Saumu alikula asubuhi akaomba tena saa nne. Mashavu yakajaa. Uso ukawa duara, na majirani wakaja kumtazama wakasema, "Mashallah, mwezi wa kumi na nne." Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe. Ikatokea baba yake Salim akafariki, arusi ikasogezwa mbele mpaka watu wa kwao watoke msibani, na kungwi akasema unga usikatwe, ukikatwa mwili hurudi. Basi Saumu akanywa miezi mitano. Bakuli asubuhi, bakuli jioni, na mara nyingi mkono ulioshika bakuli ni huu.

Kulikuwa na dalili. Tumbo lilijaa lakini miguu ikabaki vijiti. Kiunoni alitoka michirizi myekundu kama aliyechapwa. Usingizi ukampotea. Mara moja aliniambia, "Dada, moyo wanienda mbio na sijatoka hata nje." Nikamjibu, "Hiyo ni hofu ya mwari, hata mama alikuwa nayo." Nilijuaje kama mama alikuwa nayo? Nilimsingizia maiti ili mtoto anywe uji.

Arusi ikafanyika. Shangazi yule wa utando akamzunguka mara mbili, akakosa la kusema. Kama kuna siku niliyolipiza kisasi na kikawa kitamu, ni ile. Sikujua bei yake.

Nyumbani kwa mumewe hakukuwa na unga tena. Mwari akishaolewa ametoka, wa nini uji? Siku ya nne akaanza kuchoka. Wiki ya pili anatapika, akisimama anaona giza, hataki chakula. Mnajua waliwaza nini. Bibi arusi anatapika! Mama mkwe akawa anamletea ukwaju na kuchekelea. Mimi pia nilichekelea, nikaanza kushona vitambaa vya mtoto. Saumu alikuwa anakufa huku ukoo mzima ukichagua jina.

Akaanguka msalani. Salim alimbeba mikononi hadi hospitali. Presha yake ilikuwa chini, sukari yake chini, mwili baridi. Daktari, binti tu, pengine amemzidi Saumu miaka michache, alimtazama uso, akamfunua kiuno akaona ile michirizi. Akaniuliza, "Alikuwa akitumia dawa gani?"

"Hakutumia dawa."

"Ya ngozi? Ya kunenepa? Ya pumu?"

"Nimekwambia hakutumia dawa. Alikunywa uji."

Njoki alikuwa amekuja kutuona. Yeye ni mtu wa Nyeri, amekaa Likoni miaka kumi na Kiswahili chake bado kina milima. Akasema, "Mwanakombo, huo unga uko wapi? Leta mimi nione."

"Wewe unga wa mwari utaujulia wapi?"

"Siujui. Ndio maana nataka kuona."

Mkebe wa mwisho ulikuwa kwangu, umebaki robo, nikaenda kuuleta pamoja na chekeche. Njoki akauchekecha pale pale kwenye ngazi za nje ya wodi, juu ya kanga yangu. Unga ukapita. Juu ya chekeche zikabaki chembe nyeupe, na katikati yake nusu ya kidonge, haikusagika, mstari wake wa kukatia umeonekana kama umechorwa jana. Njoki akanishikia chekeche mbele ya macho, nami nikakaa chini kwenye ngazi.

Sasa yale niliyofunzwa na daktari nitayasema kwa maneno yangu, na walio na elimu wanirekebishe. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Hutoa homoni ambayo hukuamsha asubuhi, hushikilia presha na sukari, na homa ikikuingia au ukipata jeraha hukupa nguvu ya kusimama nayo. Ubongo ndio huipima damu na kuituma tezi: leo ongeza, sasa punguza. Vile vidonge ni dawa ya kuiga homoni hiyo. Ni dawa njema kwa mgonjwa aliyeandikiwa. Lakini mtu mzima wa afya akilishwa kila siku, ubongo ukipima huona damu imejaa, unanyamaza. Tezi isipotumwa hulala, na ikilala miezi husinyaa.

Mimi niliielewa hivi. Nyumba inaletewa chakula kilichopikwa, kila siku, miezi mitano. Hakuna anayewasha jiko. Kuni zimeoza, kiberiti kimepotea, aliyekuwa akipika amesahau. Siku moja chakula hakiji. Hamtakufa kwa sumu. Mtakufa kwa sababu hakuna tena anayejua kuwasha moto.

Nikamuuliza daktari, na moyo unaokwenda mbio, ni homoni hiyo hiyo? Akasema kuna mishipa ya fahamu ambayo haingoji ruhusa yako. Hiyo ndiyo huuendesha moyo, matumbo, jasho, mboni za macho, wewe umelala. Ina mikono miwili: mmoja hukuvuta ukimbie au upigane, mwingine hukuvuta utulie na ule. Ukishtuka, mshipa hupiga ukelele papo hapo. Homoni za tezi hufuata nyuma na kukaa muda, ndizo humfanya mtu avumilie hadi hatari ipite. "Saumu mshtuko wake hauna wa kuufuata," akasema. "Kwa hiyo dawa hii hii, sasa kwa kipimo, asiikose hata siku moja. Akipata homa, aongezewe. Akitapika dawa, mlete mbio. Na msimghadhibishe." Akatupa sindano moja ya dharura, tukaiweka nyumbani, Njoki akajua ilipo.

Tukamrudisha Saumu kwangu Timbwani ili niwe karibu. Na hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Niliandika malalamiko kwenye ofisi inayohusika na dawa. Wakaniambia mkebe umefunguliwa, umepita mikononi mwangu, uchunguzi huchukua muda. Nikarudi nyumbani nikiwa natetemeka taya. Sili. Mikono inatoa jasho. Nikisikia sauti ya kungwi barabarani anacheka na watu, masikio yanajaa mlio. Nilikuwa nafahamu kabisa ni mkono upi unaonivuta, nilikuwa nimeshafunzwa. Kujua hakukunisaidia. Nilitaka mwanamke yule akae mbele yangu anywe.

Nikamtumia ujumbe kwamba nina binti wa jamaa zetu kutoka Kwale, yuko ndani, ataolewa mwezi ujao, ni mwembamba kuliko Saumu. Akajibu: "Kesho inshallah naja."

Asubuhi ya siku hiyo Saumu alikuwa na homa. Aliniita. "Dada, nimetapika. Nadhani na kidonge kimetoka."

Nikamjibu, wallahi haya ndiyo maneno yangu: "Ngoja kidogo, mgeni anakuja."

Nilikuwa napika uji. Kutoka robo ile ya mkebe nilikuwa nimejiwekea vijiko vitatu, ofisi sikuwapa vyote. Bakuli tatu, nimezipanga mkekani.

Kungwi akaingia na mkebe mpya kwapani, na harufu yake ya asumini. "Hodi hodi wenyewe! Yu wapi mwanamwali wangu?" Bakari akafunga mlango nyuma yake. Akamwona Saumu kitandani, akaona bakuli, akaelewa.

"Karibu uji," nikasema.

"Nimeshakula."

"Ule wa siri ya bibi yako. Wewe ndiye mpishi, onja basi."

"Mwanakombo, niheshimu. Mimi ni sawa na mamako."

"Mamangu amekufa. Wataka kuwa sawa naye?"

Salim akaniambia taratibu, "Shemeji, inatosha." Sikumsikia. Nilimshika kungwi mkono nikamkalisha, nikamletea bakuli mdomoni, ukamwagika kwenye buibui. Njoki akaingia wakati huo kwa mlango wa uani, maana ua wetu na wake ni mmoja na hautokei barabarani, akasema, "Nimekuja kinu tu," akabaki amesimama.

Kungwi akafuta kifua. Woga wake ulikuwa umeisha. "Mwataka niseme? Nitasema. Nani alitaka wiki tatu? Mimi? Nilikuuliza mbele ya mtoto, wewe una haraka ya nini. Hakuna ufuta duniani wa kunenepesha mtu wiki tatu, na mkaanga bajia wewe wayajua mafuta. Ulijua. Hukutaka kujua tu."

Nikapiga kelele. Nilichokisema sikikumbuki, na waliokuwepo wamekataa kunikumbusha. Nakumbuka nimeinua mwiko.

Ni Njoki aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Saumu hatoi jasho."

Chumba kilikuwa kama tanuri, sote tumelowa, hata kungwi. Saumu alikuwa amelala ubavu, midomo ya kijivu, ngozi kavu na baridi, macho wazi hayanitazami. Katika ukelele wote ule, yeye peke yake mwili wake ulikuwa hauna cha kujibu.

"Leo nani amempa dawa?" Njoki akauliza.

Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na nilikuwa nimeshika mwiko.

Njoki akafika kabatini, akachanganya dawa, akamdunga pajani juu ya kanga. Bakari akahangaika na ufunguo, ukamwanguka, akaupiga mlango teke. Kungwi akapita katikati yetu akakimbia, mkebe wake mpya akauacha. Salim akambeba mkewe mara ya pili, tukaingia tuktuk.

Daktari alikuwa yule yule. Alipokwisha kumtundikia maji alinitoa nje, na nikamweleza kila kitu, hata vijiko vitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada Mwanakombo, mwilini mwako una ghadhabu ya kutosha watu wawili. Mwenzio hana hata ya kumtoa kitandani. Unaipeleka wapi?"

Tangu siku hiyo, nikiuhisi moyo unaanza mbio, swali la kwanza ni: Saumu amemeza? La pili: ana joto? Kungwi anakuja wa tatu. Anakuja, lakini wa tatu.

Dawa yake haikukatwa, maana kukatwa ndiko kulikokaribia kumuua mara ya kwanza. Ilipunguzwa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na kila baada ya muda anapimwa damu asubuhi kuona kama ubongo umeanza tena kutuma na tezi kuitika. Ile sura ya mwezi ikaondoka, mashavu yake mwenyewe yakarudi. Salim alijifunza kudunga sindano kwa kulidunga chungwa. Na siku moja nilimwambia Saumu mara ya tano avae sweta, akanirushia kifuniko cha sufuria. "Mimi si mtoto wako! Niache nipumue!" Uso umemwiva, mishipa ya shingo imetoka. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, naye akazidi kukasirika. Kipimo kilichofuata kilionyesha tezi zimeamka. Hazijakamilika, bado anatembea na kadi yake ya hospitali mkobani, lakini zimeamka.

Namshukuru Njoki, ambaye aliona jasho halipo wakati sisi tulikuwa tunaona maadui. Namshukuru daktari, na Salim, ambaye jamaa zake walimwambia arudishe bibi mgonjwa naye akawauliza kama wao hawaugui. Bakari namshukuru kwa kuuvunja mlango, ingawa ni yeye aliyeufunga, na ni mimi niliyemtuma.

Funzo langu ni fupi. Chochote kinachonenepesha haraka, kichekecheni. Mtu aliyezoea vidonge hivi msimkatishe ghafla, hata mkigundua ni haramu, mpelekeni hospitali kwanza. Na nyumba yenye mgonjwa ikiwaka ugomvi, mmoja wenu akae nje ya ugomvi amtazame mgonjwa.

Mtataka niseme nimesamehe. Ushuhuda huishia hapo, najua. Sijasamehe. Mkebe aliouacha ulikuwa haujafunguliwa, muhuri wake na jina lake juu, na safari hii ofisi waliupokea kwa mikono miwili. Nimeandika maelezo na nimetia sahihi. Na nikisikia ameitwa nyumba yoyote, kuanzia Mtongwe hadi Shelly, mimi nafika kabla yake, nimevaa vizuri, natoa salamu, nachekecha unga mbele ya mama wa mwari. Sipigi kelele. Moyo wangu hauendi mbio hata kidogo. Nalala vizuri siku hizo.

Lakini Saumu alipokuwa anang'aa, wanawake watatu waliniuliza siri, nami kwa kujivuna nikawaelekeza. Mabinti wawili nimewapata, wako kliniki ile ile. Wa tatu ni wa Magogoni, kule Kisauni. Nilipofika, nyumba ina wapangaji wengine. Wanasema aliolewa mbali, pengine Voi ama Tana, na mamake akahamia huko huko, simu haiingii. Kungwi anajua ni wapi, kwa sababu yeye ndiye aliyemsindikiza. Mwezi uliopita alinitumia mtu: nifute maelezo yangu, atanitajia kijiji.

Sikufuta. Nimejiambia ni kwa ajili ya wari kumi watakaokuja baada ya huyu, na ni kweli. Kweli pia ni kwamba nataka aumie, na sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonizuia mkono. Saumu haongei nami sawasawa tangu nilipokataa. Anasema, "Huyo msichana ni mimi."

Ana kidoti chini ya jicho la kushoto na sauti nzito kwa umri wake. Jina nitamnong'oneza yeyote aliye na jamaa upande wa Voi, Taveta, au Tana. Kama unga wake umekwisha, kuna mahali watu wanamletea ukwaju na kuchekelea. Alikunywa kwa mkono wa mamake, lakini kwa neno langu, na sijampata.